Jiwe la Kumi na Nane kwenye Njia ya Chisenga

Kwa nini jiwe la kumi na nane limesimama kabla ya jiwe la kumi na nne? Kasereka aliniuliza swali hilo tukiwa tumelowa chapachapa, injini imezimwa, mto uko mbele yetu na mji uko ng'ambo. Aliamini kwamba mtu aliyesoma historia chuo kikuu lazima awe na jibu. Nilimwambia kwamba barabara za nchi hii zilihesabiwa na watu waliokuwa na usingizi. Alicheka kidogo tu, kwa sababu dada yangu alikuwa ng'ambo hiyo hiyo, na uchungu ulikuwa umemshika.

Naisimulia safari hii kwa mpangilio wake, maana mjini nimeisikia ikisimuliwa vingine kabisa, na katika masimulizi hayo mimi huwa nimevuka mto kwa kuogelea. Sijui kuogelea.

Dada yangu mkubwa, Solange, anafundisha shule ya msingi ya Chisenga. Ukitoka Lubumbashi unapita Luano, uwanja wa ndege unabaki nyuma, unashika barabara kuu ya Kasenga, kisha unachepuka kwenye barabara fupi ya udongo. Ni barabara ya serikali, ingawa serikali yenyewe sijui kama inakumbuka. Mumewe Solange anafanya kazi Kolwezi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari alimwonya kwamba wa pili asijaribu kumzaa kijijini. Mpango ulikuwa ashuke mjini mapema na akae kwetu Kampemba. Lakini alitaka kwanza wanafunzi wake wamalize mitihani, mvua za Desemba zikawa nyingi kuliko kawaida, na wenye pikipiki wakakataa kubeba mjamzito kwenye matope.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Kule Chisenga mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja kilicho nyuma ya shule, kirefu kuliko nyumba, kwa hiyo ukipigiwa simu kutoka kule unajua kwamba mtu amepanda. Nilimwona akilini, na tumbo lile, akipanda.

"Nadine, maumivu imeanza."

"Yaya! Uko yulu ya nini sasa? Shuka!"

"Nikishuka hautanisikia. Ambia papa atafute gari. Tutabangojea ku borne ya kumi na munane. Usiseme Chisenga, kuko ba Chisenga mingi. Sema borne ya kumi na munane. Iko mweupe, mutaiona tu."

Borne ndilo jina letu la jiwe la kilomita, na yaya ni dada mkubwa. Nilitaka kumuuliza maumivu yanakuja kwa kasi gani, lakini mtandao ulikuwa umekatika.

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli mpaka alipostaafu. Kwake namba ya kilomita ni kitu kitakatifu, kama jina la ubatizo. Alipoambiwa jiwe la kumi na nane, alitulia kama mtu aliyepewa dawa. "Ni muzuri," alisema. "Borne haidanganye." Mama akachukua kanga na thermos, akatangulia hospitali kutafuta kitanda. Baba akavuka barabara kwa jirani yetu, mfanyabiashara wa unga kutoka Butembo, na akarudi na pick-up na dereva wake.

Dereva huyo ndiye Kasereka. Naye ni mtu wa Kivu Kaskazini, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Alifagia unga nyuma ya gari, akatandika godoro letu, akalifunika kwa turubai. Kabla ya kuwasha injini aliinamisha kichwa na kusali. Nikamuuliza kama anaomba Mungu au anaomba betri.

"Yote mbili," alisema. "Panda, dada. Maswali ingine utauliza mu njia."

Baada ya uwanja wa ndege tukaanza kukutana na baiskeli za makaa zinazoshuka mjini, kila moja na magunia yaliyopangwa mpaka yakamzidi mwenye baiskeli kimo. Wenyewe hawapandi, wanasukuma. Kando ya barabara wanawake walikuwa wamepanga uyoga mkubwa kama miavuli. Kasereka alipunguza mwendo kuuangalia.

"Kwetu Butembo hii ni kivuli, haiko chakula."

"Endesha."

"Naendesha. Lakini bantu ba huku munakula hema."

Kwenye njia panda tuliiacha lami. Pale kuna bango la chuma lililokula kutu mpaka maandishi yakaisha, na kibanda cha kuuzia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Tulisimama ili Kasereka arudishe kihesabu cha kilomita kwenye sifuri. Hilo lilikuwa wazo lake, na mimi niliona ni wazo bora kabisa. Mawe ya njia ile mengi yamepotea, mengine yameanguka kwenye mitaro, na watu wa pale huyanolea visu. Kihesabu hakinolewi visu na mtu.

"Mi naamini kompteri yangu," alisema. "Kila juma inanihesabia. Haijanidanganya hata siku moya."

Niseme hapa kile nilichokijua juu ya barabara hii, maana ni kidogo. Nilipokuwa chuoni nilisikia kwamba ilikatwa enzi za Wabelgiji ili mahindi ya shamba la mzungu mmoja yafike mjini. Nilisikia pia kwamba hapakuwahi kuwa na shamba lolote, ilikatwa ili wanaume wa vijiji vile wawe karibu na mtu wa kuwachukua kazini. Mzee mmoja wa parokia yetu aliniambia ilikuwa njia ya miguu ya wauza chumvi, na wazungu waliipanua tu na kuipa namba. Nilimuuliza kila mmoja amejuaje. Kila mmoja alikasirika. Jambo moja tu wote walikubaliana: kila kijiji kilipewa kipande chake cha kulima kwa jembe, na baadaye wakaajiriwa makantonye, wafanyakazi wa barabara, kila mmoja na kilomita zake, koleo lake na toroli lake. Siku hizi makantonye hawapo. Zipo kamati za vijiji, ambazo hufanya kazi ile ile bila mshahara.

Kilomita za kwanza zilikwenda vizuri. Udongo mwekundu ulikuwa umeshindiliwa, mitaro imezibuliwa, na msitu ulikuwa na kijani kile kizito cha mvua. Tulikuta jiwe la pili, kisha la tano, kisha la tisa limelala ubavu. Yote yalikubaliana na kihesabu. Kasereka alikuwa akigonga usukani kwa furaha kila mara. Baada ya la tisa mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kunyesha polepole. Ilimwagwa. Kifuta kioo kilikuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa upande wa Kasereka. Tulipita kijiji, nyumba za matofali pande zote mbili, magunia ya makaa yamerundikwa kando ya barabara chini ya maturubai meusi. Watu walikuwa wamesimama chini ya paa la nyasi, na walipotuona walianza kupunga mikono. Walipunga kwa nguvu sana. Wengine wakatoka kwenye mvua wakipiga kelele.

"Bantu ba huku bana heshima," Kasereka alisema.

Tukawapungia na sisi. Mimi nilishusha kioo nikapunga mkono wote nje. Kihesabu kilikuwa hakijafika hata kumi na nne.

Muda mfupi baadaye tukaliona jiwe la kumi na nne, mahali pake hasa, na Kasereka akagonga usukani tena. Kisha ukaja mto Kabusha, ambao siku nyingine ni kijito cha kufulia nguo. Daraja lake ni magogo mawili makubwa na mbao zilizopangwa juu yake. Maji yalikuwa mekundu na yalikuwa yakienda haraka, lakini yalikuwa chini. Tukavuka. Nyuma yetu niliona wanaume wakitoka kwenye majani na kuanza kuzigusa mbao. Nilidhani wanazikaza.

Kwenye kilomita ya kumi na nane Kasereka alisimamisha gari, na hapakuwa na kitu.

Nasema hapakuwa na kitu, lakini palikuwa na dalili. Miti ya matunda ilikuwa imesimama kwa mistari, kama ilivyopandwa na mtu. Palikuwa na kichuguu kilichochimbwa ubavu kwa ajili ya matofali, na vijumba vilivyobomoka ambavyo majani yalikuwa yamevimeza. Hapakuwa na shule, wala jiwe jeupe, wala dada yangu. Nilishuka nikamwita Solange mara kadhaa. Nilijiona mjinga, lakini niliendelea kumwita. Nilizunguka nyuma ya vijumba nikitazama kila shina la mti kama kwamba mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa angejificha. Simu haikuwa na mtandao. Nilifikiria kupanda kichuguu, nikateleza.

Ndipo akatokea mtu anayesukuma baiskeli ya makaa, kofia yake ni mfuko wa plastiki. Alitusalimu kwa adabu, akauliza kama tumepotea.

"Tunatafuta borne ya kumi na munane," nilisema.

"Mulishaipita."

"Haiwezekani. Kumi na munane njo apa. Angalia kompteri."

Hakuangalia kihesabu. Aliniangalia mimi, kutoka miwani mpaka viatu. "Apa ni ku matongo ya bantu ba zamani. Hakuna muntu. Kumi na munane iko kule ku Chisenga. Ukitoka mjini inaanza tisa, njo inakuya kumi na munane, njo inakuya kumi na nne."

"Kumi na munane mbele ya kumi na nne?"

"Njo vile," alijibu, yaani ndivyo.

"Nani alihesabu vile?"

"Miye nauzisha makala, mademoiselle. Kuhesabu ni kazi ya serikali."

Kasereka alikuwa ameshageuza gari. Tulipofika Kabusha, daraja lilikuwa magogo mawili tu.

Huu ni utaratibu wao, na nilikuja kuuelewa pale pale kwa kuutazama. Mvua kubwa ikianza upande wa chanzo, kamati ya barabara huzitoa mbao zote za daraja na kuzipanga kwenye ukingo wa juu, upande wa kijiji. Magogo ni mazito, maji hayayawezi. Mbao huchukuliwa, na kupasua mbao nyingine kwa msumeno wa mikono ni kazi ya msimu mzima. Tulipovuka walikuwa wakingoja tupite tu ndipo wazitoe. Sasa mbao zilikuwa ng'ambo, zimepangwa vizuri, na maji yalikuwa yamepanda mpaka karibu na matumbo ya magogo. Ndipo Kasereka aliponiuliza swali lile la mawe.

Ng'ambo ile alisimama mwanamke mmoja mnene, gunia kichwani limeshuka mgongoni kama joho, fimbo mkononi. Alikuwa kiongozi wa kamati, na jina lake, nilijua baadaye, ni Mama Mwansa. Alituchungulia. Kisha akapaza sauti.

"Njo mweye! Mulipita mukitupungia mikono kama ba ministre!"

"Ba mama, tunaomba mbao!" nilipiga kelele.

"Mutangojea maji ishuke!"

"Itashuka saa ngapi?"

"Uliza maji!"

Kasereka alikuwa amevua kofia. Hilo lilinitisha kuliko maji. Nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele kwa nguvu zote. "Tunakuya kukamata yaya yangu! Mwalimu Solange! Iko na mimba!"

Mama Mwansa aligeuka, akawaambia wanaume neno ambalo sikulisikia, na wanaume wale, waliokuwa wamekaa wakivuta sigara chini ya mti, wakainuka wote kwa pamoja.

"Juu ya nini hukusema mbele?" alinifokea. "Shiye tulibasimamisha juu ya mwalimu! Gari ikapita, ikaenda, tukasema itakuwa ni ya muntu mwingine!"

Hawakurudisha mbao zote. Alichomeka fimbo yake, yenye alama za kuchongwa, kwenye ukingo wa maji, akaitazama, akaamua: mistari miwili tu ya mbao, mmoja kwa kila gurudumu. Wanaume walitembea juu ya magogo, wamefungwa kamba kiunoni, wakapokezana mbao moja moja. Mama Mwansa alikuwa akiangalia fimbo, si wao. Kila maji yalipogusa alama nyingine, aliwaambia waharakishe, bila kupaza sauti.

"Weye wa miwani," aliniita mwishowe. "Shuka mu gari. Vuka na miguu, mbele yake. Dereva akuye peke yake."

"Na kama mbao ikiteleza?"

"Unauliza maswali hata mu maji? Kuya!"

Nilivuka nimemshika mtu mmoja mgongoni, macho nimeyafumba nusu. Kasereka alivuka nyuma yangu polepole sana, kioo kimeshushwa, akiimba wimbo wa kwaya kwa Kinande. Magurudumu ya nyuma yalipogusa udongo, wanaume walikuwa tayari wameanza kuzivuta mbao. Moja iliwaponyoka. Tuliitazama ikizunguka kwenye maji mekundu na kupotea kwenye kona.

"Ile ni ya mwalimu," Mama Mwansa alisema. "Atailipa na mutoto wa kutufanyia kazi." Wanaume wakacheka, na mimi nikaanza kucheka nao, nikashindwa kuacha. Kasereka naye alikuwa akicheka huku akijipangusa macho kwa kofia. Maji yalikuwa nyuma yetu.

Kule Chisenga, Solange alikuwa amekaa kwenye kiti cha shule, mgongo umeegemea jiwe jeupe lenye namba kumi na nane. Wakati tulipopita mara ya kwanza, jiwe lile lilikuwa limefichwa na magunia ya makaa. Sasa walikuwa wameyasogeza na kumtengenezea kibanda cha turubai. Uso wake ulikuwa wa majivu, lakini aliponiona alipata nguvu ya kunitukana.

"Nakuita, nakuita, na weye unanipungia mukono! Unacheka!"

"Yaya, sikukuona."

"Miwani ni ya nini basi?"

Nikamkumbatia. Alikuwa na joto, alikuwa mzito, alikuwa hai, na uchungu ulikuwa bado unakuja kwa vipindi. Sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile.

Wakati Kasereka anampandisha mbele, nilimuuliza Mama Mwansa habari ya jiwe. Sikuweza kujizuia. Alinijibu huku akikaza fundo la kitambaa chake.

"Kijiji ilikuwa ngambo. Kijiji ikahama, borne ikahama nayo."

"Juu ya nini kuhamisha borne? Iko nzito. Na namba yake ni ya mahali, haiko ya bantu."

"Njo anwani yetu," alisema, akaangalia pembeni.

Sikumwamini. Katanga imejaa vijiji vilivyohamishwa ili vikae kando ya barabara, na sijasikia kingine kilichobeba jiwe la zege la serikali kwa ajili ya anwani. Lakini haikuwa saa ya kubishana, hata kwangu mimi.

Njia ya kurudi nilikaa nyuma, kwenye godoro, chini ya turubai. Mbele walikaa watatu, kwa sababu Mama Mwansa alipanda bila kualikwa. Alifungua mlango, akamsogeza Solange kwa kiuno chake, akafunga mlango. Kupitia kioo kidogo cha nyuma niliuona mkono wake umeshika mkono wa dada yangu kutoka jiwe la kumi na nane mpaka la tisa, mpaka la tano, mpaka la pili. Alikuwa akiyataja mawe moja moja tulipoyapita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Kila maumivu yalipokuja Kasereka alipunguza mwendo, na kila yalipopita alikanyaga mafuta.

Kwenye njia panda mvua ilikuwa imekatika na lami ilikuwa ikitoa mvuke. Mama Mwansa akaomba kushuka.

"Ba mama, twende wote paka mjini," nilimwambia. "Utarudi namna gani?"

"Nitapata kinga ya makala. Apa njo mwisho wa kazi yangu." Kinga ni baiskeli. Alimwangalia Solange mara ya mwisho, akampiga Kasereka begani kama mtu anayepiga ng'ombe mwema, akaenda kwenye kibanda cha munkoyo bila kugeuka. Mwenye kibanda alimpa kikombe kabla hajaomba. Alionekana amezoea kumwona pale.

"Anafanyaka vile kwa kila muke wa mimba," Solange aliniambia kupitia dirisha. "Gari ikikuya, anapanda. Hatumuulizi."

Baada ya Luano Solange alianza kupumua kwa sauti, na Kasereka akapiga honi mjini kote, kwenye mizunguko yote, kwa watu ambao hawakuwa hata barabarani. Hospitalini, mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga mkononi. Walimchukua dada yangu moja kwa moja. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Kasereka, matope yakikauka miguuni. Alasiri hiyo mama alitoka na kitu kidogo kilichofungwa kwa kanga, kikiwa kimekasirika sana. Alikuwa msichana. Solange alikuwa mzima. Daktari alisema tu kwamba tumefika wakati mzuri, na sentensi hiyo kavu niliisikiliza kama muziki.

Baba alipofika alimbeba mjukuu wake, akamtazama, akauliza kama jiwe lilikuwa mahali pake.

"Papa, kumi na munane inakuya mbele ya kumi na nne."

"Haiwezekani."

"Nimeiona."

"Haiwezekani," alirudia, na mpaka leo anaamini kwamba nilisoma vibaya kwa sababu ya mvua.

Ukiniuliza nilijifunza nini, nitasema kwamba barabara inaweza kuwa fupi na bado isiingie kwenye kichwa cha mtu mmoja. Kasereka hufika Chisenga mara kwa mara sasa kupeleka unga, na hasomi kihesabu tena akishapita jiwe la tisa. Anauliza watu. Na akipungiwa mkono, anasimama. Ananiambia nami nifanye hivyo, niache kuuliza kila kitu kinatoka wapi. Hapo hatukubaliani. Niliendelea kumuuliza kila mtu wa Chisenga aliyefika mjini, na kila mmoja alinipa jibu lile lile la anwani.

Msichana yule wa Solange alikuwa tayari anakimbia na kuvunja vikombe vyetu siku Mama Mwansa alipokuja Kampemba na beseni la uyoga. Alikula kwetu bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kisha akakaa na mimi uani tukisafisha uyoga. Sikumuuliza chochote. Labda ndiyo sababu alisema. Aliongea akiangalia kisu.

"Hapana kijiji ilihama ikabeba borne. Borne njo ilihama, kijiji ikaifwata. Zamani kijiji ilikuwa ngambo ya mutoni, pale mulienda kuzunguka. Muke mumoja alikuwa anazaa, inakatala. Bakatuma habari mu mji, gari ikuye ku borne ya kumi na munane. Gari ikakuya. Ikafika ku mutoni, maji ilijaa, daraja hakuna. Dereva alisimama ngambo hii, bantu ngambo ile, banaangaliana tu. Maji ikashuka kesho yake. Bwana yake alikuwa kantonye wa kile kipande. Akishamaliza kuzika, akangoa borne na benzake, bakaibeba na toroli, bakaisimamisha huku, upande wa mji. Akasema gari ingine ikiambiwa kumi na munane, isikute maji mbele yake."

Nilimuuliza kama mtoto naye alikufa.

"Hapana," alisema Mama Mwansa, akaweka uyoga kwenye sahani na kuchukua mwingine. "Mutoto alibakia. Njo miye."